Tumbo Limejaa, Damu Haitoshi

Hotuba kwa wanachama wa vikoba na familia zao, Mbagala, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu. Akina mama wenzangu, habari za asubuhi. Na baba zetu mliosimama pale chini ya mwembe, sogeeni karibu. Mazungumzo ya leo si ya wanawake peke yao, na kuna mahali nitawafikia.

Nimeombwa nizungumzie lishe. Mimi nilikuwa mkunga. Kazi nimeifanya hapa hapa mjini mpaka nilipostaafu, na mengi ninayoyajua kuhusu chakula niliyajua kwa kutazama kope za wajawazito na miguu ya watoto, kisha nikarudi vitabuni kuuliza kwa nini. Kwa hiyo nitaanza na mama mmoja.

Alikuja kliniki na mimba yake ya kwanza, ya miezi sita. Alikaa kwenye benchi akafungua pindo la khanga, akatoa kipande cha udongo, ule unaouzwa sokoni kwa mafungu, tunaouita pemba. Akakimega kwa magego. Kutoka nilipokaa nilisikia kinavunjika kama chaki. Nikamwita. "Mwanangu, kwa siku unakula vipande vingapi?" Akaona haya, akasema, "Vitano, mama. Nisipokula sipati usingizi." Nikamwambia atazame juu, nikashusha kope yake ya chini kwa kidole gumba. Pale ndani panapotakiwa pawe pekundu palikuwa peupe kama nyama ya dafu. Tukampima wingi wa damu, ikasoma 6.8. Mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11, na akishuka chini ya 7 tunamhesabu yuko hatarini.

Nikamuuliza anakula nini. Asubuhi chai ya rangi na maandazi. Mchana ugali wa sembe na mchicha, akimaliza anashushia na chai. Usiku wali na maharage, na chai tena. Nikamuuliza, "Unashiba?" Akanijibu, "Nashiba, mama. Chakula kwetu kipo."

Maneno hayo, "chakula kwetu kipo", ndiyo yaliyonileta mbele yenu. Alikuwa anasema kweli. Sufuria lilikuwa linapanda jikoni kila siku, na hakuna siku aliyolala na njaa. Wahenga walisema adui mwombee njaa, na walikuwa wanaisema njaa inayoonekana, ya tumbo kubana na macho kuzama. Hii ya mjini kwetu imejificha ndani ya shibe. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016, kati ya kila watoto 100 wa miezi sita hadi miaka mitano, 58 walikuwa na upungufu wa damu. Wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa 45 kati ya 100. Tazameni benchi mliyokalia, mhesabu wenyewe.

Sasa damu ya mtu aliyeshiba inapunguaje?

Mwili wa mtu mzima una madini chuma gramu 3 hadi 4 tu. Ukiyakusanya yote pamoja unapata uzito wa msumari mdogo. Sehemu kubwa ya chuma hicho imo ndani ya chembe nyekundu za damu, na kazi yake ni kushika oksijeni kwenye mapafu na kuipeleka kichwani, kwenye misuli, na kwa mtoto aliye tumboni. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wafikirie daladala. Chembe nyekundu ndiyo gari, oksijeni ndiye abiria, na chuma ndicho kiti. Gari likija bila viti, abiria anabaki kituoni. Ndiyo maana mtu mwenye upungufu wa damu anapanda ngazi tatu moyo unamwenda mbio, anaamka amechoka kama hakulala, na mtoto wa darasa la pili anakaa mbele ya mwalimu macho yamefunguka lakini hashiki kitu. Na mama anayejifungua akiwa na 6.8, damu ambayo mwenzake angeipoteza akaoga akalala, yeye inaweza kumuua. Hilo sijalisoma vitabuni tu. Nimesimama pale nikiliona.

Tusimcheke anayekula udongo. Hamu ya udongo, ya mchele mbichi, ya kutafuna barafu, mara nyingi huambatana na upungufu wa madini chuma. Msiba wake ni kwamba udongo wenyewe unaweza kunasa chuma cha chakula tumboni kisipite kwenda kwenye damu, na tena unaweza kuja na mayai ya minyoo na madini mabaya kama risasi. Kwa hiyo anazidi kupungukiwa, na hamu inazidi. Ukimkuta mkweo au mdogo wako anaficha pemba kwenye pindo, usimfokee. Mpeleke akapimwe damu.

Mtasema, lakini yule mama alikuwa anakula mchicha na maharage, na vyote vina chuma. Kweli vina chuma. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo sisi wa pwani tunapopotezea.

Chuma cha chakula kiko cha namna mbili. Kipo cha nyama, samaki, kuku, maini, na hicho mwili unakipokea vizuri: katika kila sehemu 100 unaweza kuchukua 15 hadi 35. Kipo cha mimea, cha mchicha, matembele, kisamvu, maharage, kunde, na hicho mwili unakipokea kwa shida: sehemu 2 mpaka 20, kutegemea umekila na nini. Ukila na ndimu, chungwa, pera, embe, au nyanya mbichi ya kachumbari, vitamini C inakibadilisha kiwe rahisi kupita kwenye ukuta wa utumbo. Ukitia dagaa hata kiganja kimoja ndani ya mchicha, dagaa wanaleta chuma chao na wanakivuta na kile cha mchicha. Lakini ukila na chai, ule ukakasi wa majani ya chai, unaokauka kwenye kikombe ukaacha rangi ya kahawia, unakishika chuma na kutoka nacho nje. Chai inayonywewa pamoja na chakula inaweza kupunguza chuma unachopata kwa zaidi ya nusu. Kahawa hali kadhalika.

Yule mama alikuwa anakula chuma mara mbili kwa siku na kukifukuza mara mbili kwa siku.

Siwaambii muache chai. Nimezaliwa nyumba ya chai, na najua chai ya jioni barazani ni nini. Ninachoomba ni saa moja. Kula kwanza, osha vyombo, zungumza na jirani, halafu saa moja baadaye weka birika. Na kwenye sahani kata ndimu. Hakuna shilingi iliyoongezeka hapo zaidi ya ndimu. Katika ushauri wote niliowahi kutoa kliniki, huu ndio uliokuwa rahisi kuliko wote kufuatwa, na ndio uliochukua muda mrefu kuliko wote kuaminika, kwa sababu watu wanategemea dawa iwe chungu au ghali.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulipitia kwa upole. Chai ya rangi kwenye chupa ya mtoto wa miezi minane. Naiona mtaani kila siku. Mama ana haraka ya kwenda gengeni, mtoto analia, anawekewa chai yenye sukari, ananyamaza. Mtoto huyo chuma alichozaliwa nacho kimeanza kwisha tangu alipofikisha miezi sita, maziwa ya mama pamoja na ubora wake wote yana chuma kidogo, na huu ndio wakati ubongo wake unajengwa kwa kasi ambayo haitarudi tena. Tunampa kitu kinachojaza tumbo na kuzuia chuma. Naomba tuache. Maji safi yanatosha.

Kuna na hii habari ya vitu vyekundu. Mtu akiambiwa damu imepungua ananunua bitiruti, anachemsha rozela, anasaga nyanya, na kuna wanaomimina soda nyekundu juu yake, kwa hesabu kwamba kilicho chekundu kitakuwa damu. Rangi haiendi kwenye damu. Bitiruti ina chuma kidogo. Rozela nayo, ukiinywa na sukari vijiko vinne, umekunywa sukari. Kinachojenga damu hasa hakina rangi ya kupendeza: ni bandama iliyochomwa, ni maini, ni firigisi, ni dagaa wa Kigoma waliokaangwa wakiwa na vichwa na miiba yao. Mjamzito asile maini kila siku, kwa sababu vitamini A yake ni nyingi mno na ikizidi mwanzoni mwa mimba inaweza kumdhuru mtoto. Mara moja moja inatosha.

Na si kila damu iliyopungua imepunguzwa na sahani. Malaria inavunja chembe za damu. Minyoo ya safura inanyonya utumboni kimya kimya, na wazee wetu walijua jambo hilo, ndiyo maana neno safura lilikuwa linataja ugonjwa wa mtu aliyepauka na kuvimba. Kuna kichocho. Kuna selimundu, ambayo mtoto huzaliwa nayo. Mtoto akipauka kwa sababu ya malaria, ndimu haitamwokoa. Kwa hiyo pimeni kwanza.

Vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki, vile vya FEFO, nimevikuta vingi vimetupwa nyuma ya choo. Najua sababu. Vinatia kichefuchefu, na choo kinakuwa cheusi, mama anaogopa. Choo cheusi ni chuma kilichobaki, hakina ubaya. Kichefuchefu kinapungua ukimeza usiku ukienda kulala, kwa maji ya ndimu au juisi ya chungwa, wala si kwa chai au maziwa. Katika vidonge hivyo mna na asidi ya foliki, nitairudia.

Na jambo moja la ukunga, kwa sababu nisipolisema hapa nitalisema wapi. Mtoto anapozaliwa, kitovu kisikatwe papo hapo. Kikiachwa dakika 1 hadi 3, damu iliyo kwenye kondo la nyuma inamaliza kuingia kwa mtoto, na anaanza maisha na akiba ya chuma ya miezi kadhaa zaidi. Ukienda kujifungua mwambie mkunga wako kwamba unaliomba hilo. Ni haki yako kuomba.

Sasa nataka kusema kuhusu mdogo wangu.

Miaka mingi iliyopita, mtoto wake wa pili akiwa na mwaka na miezi mitatu, mdogo wangu akashika mimba nyingine. Akamwachisha ziwa siku hiyo hiyo, kama tulivyofundishwa na mabibi. Mtoto akawa anapewa uji mweupe wa sembe na sukari, asubuhi, mchana na jioni. Baada ya miezi michache uso ukajaa, watu wakasema amenenepa. Miguu ikavimba, ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nywele zikawa nyepesi, zikageuka rangi kama ya kutu. Alikuwa hachezi wala halii kwa sauti, analalamika tu chini chini kama mzee. Na nyumba nzima ikasema: mtoto amebemendwa.

Wengi wenu mnalijua neno hilo, na mnajua uzito wake. Kumbemenda mtoto ni kusema kwamba mama au baba ametoka nje ya ndoa, au wamekutana kabla ya wakati, na uchafu wa tendo hilo umemwingia mtoto. Mdogo wangu alikuwa hajatoka popote. Lakini alikuwa anaona aibu kumpeleka mtoto zahanati, kwa sababu kila atakayemwona barabarani amembeba vile atajua "alichofanya". Alimficha ndani wiki tatu. Nilipopata habari nikaja usiku, tukamfunga kwenye khanga tukampeleka. Alipona. Ana watoto wake sasa. Lakini wiki tatu zile zingeweza kumchukua, na kilichomficha ndani ni neno.

Ule ulikuwa unyafuzi, tunaouita pia kwashakoo. Nilipokuja kusoma asili ya jina hilo nilikaa chini. Daktari mwanamke, Cicely Williams, alikuwa anafanya kazi Gold Coast, ambayo ndiyo Ghana ya leo. Mwaka 1933 aliandika kuhusu watoto waliovimba, waliobadilika nywele na ngozi, waliokuwa wanalishwa mahindi karibu matupu. Mwaka 1935 akautaja ugonjwa kwa jina ambalo hakulitunga yeye. Alilichukua kwa akina mama wa Accra, wenye lugha ya Ga: kwashiorkor, ugonjwa wanaoupata watoto waliotangulia pale mdogo wao anapokuja.

Mnaona? Mabibi wa Accra waliona sawasawa. Na mabibi zetu wa pwani nao waliona sawasawa: mtoto anadhoofika pale wazazi wanapokutana mapema na mimba ikaja. Wakati waliupata. Sababu ndiyo waliyoikosa. Kilichomwangusha mtoto ni ziwa lililoondoka ghafla na hakuna kilichokuja mahali pake ila wanga, na juu yake kuhara na homa. Wenzetu wa Accra waliutaja ugonjwa kwa tukio, sisi tukautaja kwa dhambi, na dhambi inafichwa.

Kwa hiyo naomba, hapa Mbagala, neno hilo likome kutamkwa juu ya mtoto mgonjwa. Mtoto aliyevimba miguu anapelekwa hospitali leo, si kesho. Mama mjamzito anaweza kuendelea kunyonyesha ikiwa afya yake inamruhusu. Maziwa ya mama yanatakiwa mpaka miaka miwili na hata zaidi. Na mtoto akifika miezi sita, kwenye uji wake kiingie kitu chenye uhai: dagaa waliosagwa, karanga zilizosagwa siku hiyo, yai, maziwa. Mbele ya uji wa sembe na sukari mtoto atashiba kama alivyoshiba yule mama wa udongo.

Nimeisema sembe mara kadhaa, na najua mnaipenda kwa weupe wake. Acheni niwasimulie habari ya kuku.

Mwishoni mwa karne ya 19 huko kisiwani Java, daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa anatafuta kijidudu cha beriberi, ugonjwa uliokuwa unalegeza miguu ya askari na wafungwa na kuua moyo. Kuku wake wa maabara wakaanza kuanguka, miguu haina nguvu. Akatafuta kijidudu, hakukipata. Ghafla kuku wakapona. Alipochunguza akakuta kwamba kwa miezi kadhaa walikuwa wanalishwa wali mweupe uliotoka jikoni kwa hospitali ya jeshi, kisha akaja mpishi mpya akasema wali wa jeshi hauwezi kuliwa na kuku wa raia. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa, wakasimama. Dawa ilikuwa kwenye pumba. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929, na kile kilichokuwa kwenye pumba tunakiita leo vitamini B1.

Sembe ni mahindi yaliyovuliwa ganda na kiini. Kiini ndicho chenye mafuta, vitamini za kundi B, chuma na zinki. Tunakipeleka kwa ng'ombe, sisi tunabaki na weupe. Dona ina vyote. Na mahindi yana siri yake nyingine. Niasini, vitamini B3, imo ndani yake lakini imefungwa. Wenyeji wa Meksiko, ambako mahindi yalianzia, tangu kale wanayachemsha na chokaa, na chokaa inaifungua. Mahindi yakavuka bahari, chokaa ikabaki. Ndiyo maana wanaokula mahindi karibu matupu huweza kupata pelagra: ngozi inababuka palipopigwa na jua, shingoni kama mtu aliyevaa mkufu, kisha kuhara, kisha akili kuvurugika. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikosa karanga kwenye mgao wao. Mahindi yalikuwepo. Watu zaidi ya 17,000 wakaugua pelagra. Karanga tu.

Anayenunua dona achague mahindi makavu, yasiyo na ukungu. Sumukuvu ni jambo la kweli. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Harufu ya uvundo ikikujia, usiseme nitapika tu iishe, kwa maana moto wa jikoni hauimalizi. Na anayenunua sembe ya mfuko aangalie kama imeongezwa virutubishi. Zipo zinazoongezwa chuma na asidi ya foliki, na imeandikwa kwenye mfuko. Inayosagwa mashine ya mtaani kwa kawaida haina.

Mengine nitayapitia haraka, jua linapanda.

Matone ya vitamini A yanatolewa mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, kwa watoto wa miezi 6 mpaka 59. Mtoto anayejikwaa kwenye vyombo magharibi ikiingia, ambaye mchana anaona vizuri, usimwite mzembe. Macho yake yanamwambia kitu. Embe, karoti, viazi lishe vya rangi ya chungwa, mawese ya Kigoma, matembele yaliyoungwa kwa mafuta kidogo, vyote vinampa.

Chumvi iwe yenye madini joto, na ikae kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na mvuke wa jiko. Watu wa pwani tunajidanganya kwamba sisi tunakula samaki, rovu ni la watu wa milimani. Watafiti walipima Unguja na Pemba, visiwa vilivyozungukwa na bahari pande zote, wakakuta upungufu. Na rovu ndilo dogo. Mtoto aliye tumboni akikosa madini joto, akili yake ndiyo inayolipa.

Asidi ya foliki niliyosema nitairudia. Uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya siku 28 za mwanzo wa mimba. Siku hizo wengi wetu hatujajua hata kama tumepata. Mtoto wa mgongo wazi na kichwa kikubwa, ambaye wazazi wanampeleka Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili wakitokea mikoani, wengi kati yao wangekingwa na kidonge cha mikrogramu 400 kilichomezwa kabla. Kwa hiyo wasichana mnaofikiria kuolewa au kuzaa, msisubiri kadi ya kliniki.

Baba zetu, nimewafikia. Katika nyumba nyingi nilizoingia, kipande cha samaki kikiwa kimoja ni cha baba, mchuzi ni wa watoto, na mama anafuta sufuria kwa tonge. Nimelelewa hivyo, nalijua linatoka kwenye heshima, si kwenye uchoyo. Lakini mwanamume anahitaji chuma miligramu 8 kwa siku. Mkeo anahitaji 18. Akiwa mjamzito, 27. Zaidi ya mara tatu yako. Heshima ile ile iliyokupa kipande inaweza kukigawa, na ukikigawa wewe mwenyewe mbele ya watoto, hakuna mkwe atakayesema mama kakosa adabu. Ukisubiri akigawe yeye, hatakigawa.

Najua bei. Sikuja hapa kumwambia mtu anunue nyama kila siku, ningekuwa nawatukana. Lakini nyinyi mna vikoba. Mnaweka hisa, mnakopeshana kwa misiba na ada. Kikundi cha watu 25 kinaweza kuchukua gunia la dagaa Kariakoo kwa bei ya jumla, mkagawana kwa vipimo. Matembele yanaota kwenye kiroba chenye udongo pembeni ya ukuta, hayahitaji shamba. Ubuyu, ule mweupe usiotiwa rangi, una vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito ule ule. Unauzwa pale kituoni, na watoto wanaupenda bila kulazimishwa. Mwenyekiti amenikubalia tuzungumze habari ya gunia kabla hamjatawanyika.

Yule mama wa udongo aliongezewa damu, akameza vidonge vyake kwa maji ya ndimu, akaiondoa chai mezani. Alijifungua mtoto wa kike. Siku ya kurudi kupima uzito alinifungulia pindo la khanga kabla sijamuuliza. Mlikuwa na ndimu mbili na nauli.

Pale nyuma ya hema nesi yuko na kipimo, anatoboa kidole tu, majibu mnayapata hapo hapo. Wajawazito waanze, kisha wenye watoto. Na jikoni kuna mchicha umeshakatwa na dagaa wameshaoshwa. Nataka watu wawili waje wapike nami, na mmoja wao awe baba. Wewe mwenye shati la bluu, njoo. Kisu kiko pale, anza kukata ndimu.